Kirudisheni kikombe cha mtoto kabatini

NENO LA UANI
Na Zuhura Mkomwa

Jikoni kwa mdogo wangu, Morogoro, kuna kikombe cha bluu kilichotengwa. Kimewekwa kwenye ukingo wa dirisha pamoja na sahani na kijiko, mbali na kabati lenye vyombo vya watu wengine. Nilipokichukua nitie chai, mdogo wangu akanishika mkono. "Hicho cha huyo," akanong'ona, akielekeza kidevu uani alikokuwa akicheza gololi mwanawe wa mwisho, wa miaka 7. "Ndiye aliyekutwa na wadudu."

Mtoto mwenyewe hana homa wala kikohozi. Anakula, anakimbia, anagombana na wenzake kama kawaida. Mgonjwa ni dada yake wa miaka 12. Mwaka juzi aliumwa koo, likapoa lenyewe. Wiki tatu baadaye goti likavimba, maumivu yakahamia kiwiko, kisha kifundo cha mguu. Hospitali ya rufaa ikasema ni homa ya baridi yabisi, na valvu moja ya moyo imekwisha kuguswa. Tangu hapo anachomwa sindano ya benzathini penisilini kila baada ya wiki 4. Mwaka huu zahanati ya jirani iliishiwa dawa hiyo miezi miwili mfululizo, na koo likarudi. Kwa kuwa nyumba ile tayari ina mtoto mwenye moyo ulioguswa, daktari akaamua kuwapima koo watu wote. Mdogo mtu akakutwa amebeba bakteria wa streptokokasi kundi A, bila dalili hata moja.

Daktari alieleza kwa kirefu, naambiwa. Lakini maelezo yake yalipofika nyumbani yalikuwa yamebaki neno moja: huyu ndiye. Bibi yao akatia muhuri kwa methali, kikulacho ki nguoni mwako. Jioni ile mtoto akanijia taratibu, akaniuliza: "Mama mkubwa, kwani mimi ndiye niliyemuumiza dada moyo?"

Naandika safu hii kwa sababu ya swali hilo. Jibu ni hapana. Na tunapomlaumu mtoto asiye na kosa, macho yetu yanaondoka kwenye kitu hasa kinachomlinda dada yake.

Tuanze na bakteria mwenyewe. Kati ya bakteria wote, streptokokasi kundi A ndiye asababishaye mafindofindo mengi zaidi ya watoto wa kati ya miaka 5 na 15. Kwa wengi koo hupona na habari ikaisha. Kwa wachache, wiki mbili hadi nne baadaye, kinga za mwili zilizoamka kupambana na bakteria huugeukia mwili wenyewe: viungo, ngozi, wakati mwingine ubongo, na moyo. Viungo hupona. Valvu, ile milango ya moyo inayofunguka na kufunga, huweza kubaki na makovu. Kila koo jipya la streptokokasi linaweza kuamsha vita ileile na kuongeza kovu juu ya kovu, hadi mlango ushindwe kufunga au kufunguka. Ndiyo maana mtoto aliyewahi kupata homa hii ni dhaifu kuliko nduguze wote kwa jambo hili moja, hata kama anaonekana mzima.

Sasa mbebaji. Utafiti mmoja uliojumlisha tafiti za nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba takriban watoto 12 katika kila 100 wasioumwa chochote wana bakteria huyu kooni. Katika darasa la watoto 60, hao ni kama 7. Bakteria anaweza kukaa kooni miezi mingi bila kuuchokoza mwili wa mwenyeji wake. Mbebaji wa namna hii mara chache huambukiza wengine, na mara chache sana hudhurika mwenyewe. Anayeambukiza kwa nguvu ni mtu anayeumwa koo sasa hivi na hajaanza dawa. Ndiyo sababu miongozo ya madaktari haisemi wabebaji wote watafutwe na kutibiwa. Nyumba yenye historia ya homa ya baridi yabisi ni mojawapo ya matukio machache ambayo daktari anaweza kuamua kumtibu mbebaji. Uamuzi huo ni wake, si wa muuza duka la dawa. Nyumba ngapi zimegawiana kidonge kimoja kimoja cha amoksilini, kila mtu "ajisafishe"? Hiyo si dozi. Haimwondoi bakteria kooni, na bado kesho mtoto atarudi darasani kukaa na wabebaji wengine.

Je, vyombo na mablanketi? Miaka ya 1940 mwishoni na 1950, katika kambi ya jeshi la anga la Marekani huko Wyoming, kundi la watafiti likiongozwa na Charles Rammelkamp liliwachunguza askari waliokuwa wakiumwa koo kwa wingi. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba penisilini ikitolewa mapema kwa mwenye koo la streptokokasi, homa ya baridi yabisi huzuilika. Waligundua pia kwamba mablanketi yaliyotumiwa na wenye bakteria, walipopewa askari wengine, hayakuwaambukiza. Kilicholeta ugonjwa kilikuwa ukaribu: aliyelala kitanda cha jirani aliambukizwa kuliko aliyelala mbali.

Kwa hiyo mdogo wangu alipowatenganisha watoto kitanda, namuunga mkono. Watoto wanne kwenye kitanda cha futi nne kwa sita, wakipumuliana uso kwa uso usiku kucha, ni njia pana kwa bakteria huyu. Asiye na kitanda cha pili na awalaze mzungu wa nne, na yeyote mwenye koo linalouma alale peke yake hadi apite saa 24 tangu aanze dawa. Lakini kikombe cha mtoto mzima, kikioshwa kwa sabuni kama vingine, hakina kesi ya kujibu. Kukitenga kunamfundisha mtoto kwamba yeye ni uchafu.

Kuna jambo lililo zito kuliko hayo yote. Takriban theluthi moja ya wanaopata homa ya baridi yabisi hawakumbuki kuumwa koo kabisa. Maambukizi yalipita kimyakimya. Basi hata mama mwenye macho makali kiasi gani hawezi kusimama mlangoni na kumkagua kila aingiaye na bakteria. Nyumba haisafishiki kiasi hicho, wala shule, wala daladala, wala madrasa. Kwa kuwa hatuwezi kuusafisha ulimwengu unaomzunguka mtoto, tumvishe ngao yeye mwenyewe.

Ngao hiyo ni ile sindano nzito, nyeupe, inayouma. Na ushahidi wake uko hapa jirani. Nchini Uganda, kundi la watafiti akiwamo Daktari Emmy Okello wa Taasisi ya Moyo ya Uganda na Daktari Andrea Beaton kutoka Marekani waliwapima kwa mashine ya ultrasaundi zaidi ya watoto 100,000, wakitafuta wale ambao valvu zao zimeanza kuharibika kabla hawajajua. Nusu ya waliopatikana wakachomwa sindano kila wiki 4, nusu wakafuatiliwa bila sindano. Baada ya miaka miwili, ambao uharibifu wa valvu uliongezeka ni watoto 3 kati ya 399 waliochomwa, na 33 kati ya 400 wasiochomwa. Baba na mama mnaosoma, someni tena tarakimu hizo.

Basi nyumba yenye mtoto wa namna hii ifanye nini? Kwanza, tarehe ya sindano iwe kama tarehe ya kodi ya nyumba, haisahauliki. Mtoto ataendelea nayo miaka 10 au zaidi, hadi utu uzima, hata akijisikia mzima kiasi gani. Pili, yeyote nyumbani akishikwa ghafla na koo, homa na tezi za shingo kuvimba, bila mafua wala kikohozi, apelekwe kituoni mapema na amalize dozi yote, hata kama siku ya tatu ameshapona. Tatu, tuache kuwapeleka watoto kukatwa kimeo. Kimeo hakina hatia. Kisu humwachia mtoto jeraha na damu, na bakteria hubaki palepale.

Kwa serikali nina ombi moja. Benzathini ni dawa ya zamani na si ya gharama kubwa. Kuibadilisha valvu iliyoharibika ni upasuaji mkubwa, na msichana anayewekewa valvu ya chuma atameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, dawa ambayo siku akibeba mimba huwa mtihani kwake na kwa mtoto. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kupambana na ugonjwa huu, na nchi zetu zilikuwamo. Azimio hilo lipimwe kwenye kabati la dawa la zahanati. Miezi miwili bila sindano ndiyo iliyomrudisha mtoto wetu hospitali, na mdogo wake akabebeshwa lawama isiyo yake.

Kabla sijaondoka Morogoro tuliketi wote, bibi akiwamo, tukayazungumza haya. Nilikiosha kile kikombe cha bluu na vyombo vingine, nikakiweka kabatini, na hakuna aliyenizuia. Kisha nikampa yule mdogo kalamu nyekundu, tukahesabu siku 28 kwenye kalenda ya ukutani, akaizungushia duara tarehe ya sindano ya dada yake. Nikamwambia kazi hiyo ni yake kuanzia leo.

Juzi alinipigia kwa simu ya mama yake. Hakusalimia hata kidogo. "Mama mkubwa," akasema, "zimebaki siku tisa."