Watunza Programu Wasiachwe Peke Yao

DISKI ya kompyuta inapoharibika ofisini hapana anayeuliza habari za mtunza programu. Linaloulizwa ni moja tu: je, mafaili yataokolewa? Mwalimu aliyeweka alama za muhula mzima katika flashi moja, karani mwenye orodha ya malipo, afisa ambaye taarifa yake ya mwaka haina nakala popote, wote humtazama fundi kwa macho ya kuomba. Fundi naye mara nyingi hufungua programu iitwayo TestDisk, au ndugu yake PhotoRec, na baada ya saa kadhaa mafaili hurudi. Fundi hushukuriwa, kazi ikaendelea. Programu yenyewe haikununuliwa wala haikukodiwa, na kwa sababu hiyo wengi huiona kama maji ya mvua, kitu kilichoshuka chenyewe.

Fikra hiyo ni potofu, na yafaa isahihishwe mapema. TestDisk ilianzishwa na Mfaransa, Bwana Christophe Grenier, mwaka 1998. PhotoRec ilifuata mwaka 2002. Zote mbili ni programu huria. Leseni yake, iitwayo GPL, humruhusu mtu yeyote kuzitumia, kuzichunguza jinsi zilivyoandikwa, kuzirekebisha na kuwagawia wengine. Zinafanya kazi katika Windows, Linux na macOS. Lakini kutolewa bure si kutengenezwa bila jasho, na jasho lenyewe halikukoma siku programu ilipotoka kwa mara ya kwanza.

Kazi ya programu hizi itaeleweka upesi kwa mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi katika masjala. Diski ina majalada, na ina daftari linaloonyesha kila jalada liko rafu gani. Faili linapofutwa, mara nyingi kinachofutwa ni habari zake katika daftari. Jalada lenyewe hubaki rafuni mpaka jingine liwekwe mahali pake. Katika diski za mtindo wa zamani daftari kuu la vigawanyo lilikuwa na baiti 64 tu, ndani ya baiti 512 za kwanza za diski, na lilikuwa na nafasi ya vigawanyo vikuu vinne. Baiti hizo chache zikiharibika, diski nzima huonekana tupu, ingawa hakuna kilichotoka ndani yake. TestDisk hupita diski yote ikitafuta dalili za mwanzo wa kila kigawanyo, kisha hulijenga daftari upya. Pale ambapo mfumo wa mafaili ulijiwekea nakala ya ukurasa wake wa kwanza, kama NTFS inavyofanya mwishoni mwa kigawanyo, TestDisk huifuata nakala hiyo.

PhotoRec hutumia njia nyingine. Yenyewe huliacha daftari kando na kupita rafu kwa rafu, ikilitambua kila jalada kwa maandishi yake ya mwanzo. Picha ya JPEG huanza na baiti FF D8 FF. Hati ya PDF huanza na alama %PDF. Ndiyo maana mafaili yaliyookolewa kwa njia hii kwa kawaida hurudi bila majina yake ya asili, jambo ambalo huwaudhi watu wasioelewa kwamba majina yalikuwa katika daftari lililopotea. PhotoRec imefundishwa kutambua zaidi ya aina 480 za mafaili, na kila aina ilibidi ichunguzwe na mtu, iandikwe na ijaribiwe.

Hapo ndipo neno utunzaji linapopata maana yake. Watengenezaji wa kamera na simu hubadili namna ya kuhifadhi picha bila kumwuliza mtunza programu. Diski zilipozidi terabaiti 2 daftari la zamani halikutosha, na mtindo mpya uitwao GPT ukachukua nafasi yake. Vipande vya diski vilivyokuwa vya baiti 512 vikawa, katika diski nyingi, vya baiti 4096. Zikaja diski zisizo na sahani zinazozunguka, ambazo nyingi hujisafisha zenyewe muda mfupi baada ya faili kufutwa, na huko hakuna fundi wala programu itakayorudisha kitu. Kila badiliko la namna hii humtaka mtunzaji asome upya, aandike upya na ajaribu upya. Asipofanya hivyo, programu iliyokuwa mkombozi jana itamdanganya mtumiaji leo kwa kumwambia hakuna kitu, kumbe kipo.

Tena mtunzaji wa zana ya namna hii hana ruhusa ya kukosea kama wengine. Programu ya kuandikia barua ikisimama ghafla, barua moja hupotea. Zana ya kuokoa ikiandika mahali pasipostahili katika diski iliyo mgonjwa, hufuta kile kilichosalia. Kwa hiyo PhotoRec huisoma diski bila kuandika chochote juu yake, na TestDisk haiandiki daftari jipya mpaka mtumiaji athibitishe. Malalamiko nayo huja kwa shida. Mwenye diski iliyoharibika hawezi kuituma kwa mtu wa mbali, kwa kuwa ina siri za ofisi au picha za familia. Basi mtunzaji hulazimika kuutafuta ugonjwa bila kumwona mgonjwa.

Wako wanaopima uhai wa programu kwa tarehe za matoleo yake. Toleo la 7.1 la TestDisk lilitoka Julai 2019, na la 7.2 likatoka Februari 2024. Mtu wa haraka atasema kazi ililala zaidi ya miaka minne. La hasha! Katika muda huo matoleo ya majaribio ya 7.2 yalikuwa yakipatikana kwa yeyote aliyeyataka. Kilichopungua ni macho ya watumiaji kuitazama kazi hiyo.

Yanayotokea mtunzaji anapokosekana yamekwisha kuonekana. Mfumo wa mafaili wa ReiserFS, ambao nao umo katika ile mifumo TestDisk imefundishwa kuitambua, uliingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2001 na ukapata watumiaji wengi. Watunzaji walipungua, watumiaji wakahama, na mwaka 2022 ikatangazwa kwamba mfumo huo umo njiani kuondolewa. Uliondolewa katika toleo la 6.13, Januari 2025. Ofisi iliyosahau diski ya aina hiyo kabatini haiwezi tena kuifungua kwa kiini kipya cha Linux. Itabidi itafute cha zamani.

Hatari nyingine ni kubwa zaidi. Mwaka 2024 ulimwengu ulishtuka kusikia habari za xz, programu huria ndogo ya kubana mafaili. Mtunzaji wake alikuwa karibu peke yake, na alikwisha kueleza hadharani kwamba uwezo wake wa kuishughulikia umepungua kwa sababu za afya ya akili. Akajitokeza msaidizi aliyejiita Jia Tan, akafanya kazi nzuri kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akapewa madaraka. Kisha akapenyeza mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Mhandisi Andres Freund aliugundua kwa sababu kuingia katika kompyuta kulichelewa kwa takriban nusu sekunde, akautangaza tarehe 29 Machi 2024. Mtumishi wa umma hana budi kulifikiria jambo hili kwa makini. Zana ya kuokoa mafaili hupewa mamlaka kamili juu ya diski na husoma kila kilichomo. Mtunzaji mchovu akikabidhi zana hiyo kwa mtu asiyejulikana, majalada yote ya ofisi yatakuwa mikononi mwa mtu huyo.

Serikali ya Ujerumani imeuona ukweli huu, na mwaka 2022 ilianzisha mfuko wa kugharimia utunzaji wa programu huria ambazo wengine huzitegemea. Itasemwa kwamba nchi tajiri zina fedha za kufanya hivyo. Ni kweli, lakini fedha si mchango wa pekee. Wako mafundi wa mitaani wanaowatoza watu kwa kuokoa mafaili kwa kutumia programu hizi hizi. Leseni haiwakatazi, na kazi yao ni halali. Ila fundi anayekula kwa zana ya mwenzake na asimtumie hata taarifa ya kasoro aliyoiona, huyo ni mpangaji asiyefagia uwanja.

Taarifa nzuri ya kasoro haihitaji bajeti wala kibali cha wizara. Inahitaji kutaja toleo lililotumika, aina ya diski na aina ya faili lililoshindikana, pamoja na sampuli isiyo na siri. Maelezo ya kutumia zana hizi kwa Kiswahili safi ni kazi ambayo walimu wa kompyuta wanaiweza kabisa, na ingemfaa mwalimu wa wilayani ambaye hana fundi jirani. Hata aina mpya ya faili yaweza kufundishwa na mtumiaji wa kawaida. PhotoRec husoma faili dogo la maandishi liitwalo photorec.sig, ambamo kila mstari hutaja kiambishi cha faili, mahali alama yake inapoanzia, na alama yenyewe. Mwanafunzi wa kidato cha tano aliyefundishwa kuzisoma baiti aweza kuuandika mstari huo katika kipindi kimoja, kisha mwalimu wake akaupeleka kwa mtunzaji pamoja na faili la mfano.