MAZUNGUMZO JUU YA MKWAJU HAYAKUWA POROJO

WAKO watu wenye elimu na madaraka ambao huamini kuwa mtu mzima anayezungumza juu ya mchezo wa redio anapoteza wakati wake na wa wenzake. Kwa maoni yao, karani anayebishana na tarishi juu ya tabia ya dereva asiyekuwapo duniani ni mvivu, na mwalimu anayeacha kusahihisha madaftari ili aulize jana mchezo ulifikia wapi hastahili heshima ya kazi yake. Taarifa ya habari, wanasema, ni jambo la maana. Hotuba ni jambo la maana. Lakini maneno juu ya Mkwaju na mkewe Tunu ni porojo.

Maoni hayo yafaa yachunguzwe, kwa sababu yanahusu jambo kubwa kuliko mchezo wenyewe. Yanahusu namna wananchi wanavyojifunza, na namna wanavyofikia uamuzi wa kuacha mwenendo mmoja na kushika mwingine. Mtumishi wa serikali au mwalimu asiyelielewa jambo hilo ataendelea kuandika waraka na kutoa mihadhara, kisha atashangaa kwa nini watu wamesikia na wasitende.

MKULIMA HAKUTAKA MHADHARA

Asili ya mchezo wa redio wa vijijini wenye mafunzo haitafutwi mbali sana. Baada ya vita vya pili vya dunia, Uingereza ilikuwa na upungufu wa chakula, na mgawo wa vyakula haukwisha kabisa mpaka mwaka 1954. Serikali ilitaka wakulima wazalishe zaidi kwa mbinu mpya, na shirika la utangazaji la BBC lilikuwa likiwarushia wakulima hao vipindi vya ushauri. Katika mkutano uliofanyika Birmingham mwaka 1948, wakulima na watangazaji walishauriana namna ya kuviboresha. Mkulima mmoja alitoa shauri lililowafanya baadhi ya waliohudhuria wacheke: kwamba ukulima nao upewe mchezo wa kusisimua, kama ule wa mpelelezi Dick Barton uliokuwa ukipendwa sana siku zile.

Godfrey Baseley, mtangazaji wa vipindi vya ukulima, alilichukua shauri hilo kwa uzito. Mchezo wa The Archers ulijaribiwa mwaka 1950, na tangu Januari 1951 ukawa unasikika nchi nzima. Mahali pake ni kijiji cha kubuni kiitwacho Ambridge. Kwa miaka ya mwanzo Wizara ya Kilimo ilishirikiana na watungaji, na ushauri juu ya mifugo, mbegu na mashine ukapenyezwa katika maongezi ya watu wa kijiji hicho. Shughuli hiyo rasmi ya kuelimisha ilikwisha mwaka 1972, lakini mchezo wenyewe haukwisha, kwa kuwa wasikilizaji walikuwa wamekwisha ufanya mali yao.

Ushahidi wa jambo hilo ulionekana mapema. Tarehe 22 Septemba, 1955, usiku ule ule televisheni ya biashara ilipoanza nchini humo, watungaji walimwua Grace Archer katika moto wa banda la farasi. Watu waliomboleza kana kwamba wamefiwa na jirani. Wenye kejeli walicheka, lakini miaka sitini baadaye maombolezo ya namna hiyo yalizaa tendo. Tangu mwaka 2013 mchezo huo ulimwonyesha mwanamke aitwaye Helen akitawaliwa na mumewe Rob hatua kwa hatua: hakupigwa mwanzoni, bali alitengwa na ndugu zake, akasimangwa na kuongozwa hata katika mambo madogo ya nyumbani. Wasikilizaji walibishana kwa muda mrefu. Wengine walisema Rob ni mume mwenye kujali tu. Wengine waliona mateso kabla Helen mwenyewe hajayaona. Helen alipomchoma Rob kisu mwezi Aprili 2016, mabishano yalifika kileleni. Wasikilizaji walikuwa wamekwisha anza mchango wa fedha kwa ajili ya shirika linalowasaidia wanawake wanaoteswa majumbani, na zikapatikana zaidi ya pauni laki moja.

Kumbe watu walikuwa wakimzungumza Helen, lakini waliomfikiria ni dada zao. Ikumbukwe kuwa sheria ya kuwaadhibu wanaowatawala wenzi wao kwa namna hiyo ilikuwa imepitishwa huko mwaka 2015, na mwishoni mwa mwaka huo ikaanza kutumika. Sheria ilikuwapo katika vitabu. Mabishano juu ya Rob ndiyo yaliyowapa watu wa kawaida macho ya kuitambua dhuluma hiyo wanapoikuta.

TANZANIA NAYO INA HISTORIA YAKE

Msomaji asidhani kuwa jambo hili ni la wageni tu. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Wananchi wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu, kisha wakajadiliana na kukata shauri la kutekeleza: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka vilivyozizunguka nyumba, kuchemsha maji ya kunywa. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Wataalamu wa elimu ya watu wazima walioandaa kampeni hizo walitambua kuwa sauti ya redio peke yake haichimbi choo. Kilichokichimba ni majadiliano yaliyofuata redio ilipozimwa, pale mtu alipotamka mbele ya jirani zake kuwa naye atachimba.

Mwezi Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa juma. Shabaha yake ilikuwa uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Safari hii hapakuwa na kikundi, wala kijitabu, wala kiongozi wa majadiliano katika kila kijiji. Palikuwa na Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na palikuwa na Tunu, mkewe, aliyebaki nyumbani akihesabu siku. Wananchi waliyafanya yaliyobaki wenyewe. Penye redio moja palikaa watu watano, na mchezo ulipokwisha hawakuondoka.

Yafaa kukumbuka hali ya wakati ule. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Miaka kumi baadaye misiba ilikuwa imekwisha kuwa mingi, na hata hivyo jina la ugonjwa halikutamkwa matangani. Watu walisema marehemu aliugua kifua, au alirogwa. Vijana wa mitaani walilitafsiri jina la kizungu la ugonjwa kwa mzaha: "Acha Iniue, Dogodogo Siachi." Mabango ya tahadhari yalikuwapo, na waganga wakuu walihutubia. Lakini mke hakuweza kumwambia mumewe, "Unarudi safarini, nami nina hofu nawe." Maneno hayo yalikuwa ni ugomvi, pengine hata talaka.

Kusema juu ya Mkwaju, hata hivyo, hakukuwa ugomvi. Mke aliweza kusema, mumewe akisikia, kuwa Mkwaju atamwua Tunu bure. Mume aliweza kujibu kuwa Tunu naye ana mdomo, na papo hapo mazungumzo yaliyoshindikana kwa miaka yakawa yameanza. Waswahili hawakufundishwa mbinu hiyo na mtaalamu yeyote. Ni fumbo, lile lile linaloandikwa kwenye kanga na kutumwa kwa mlengwa bila kumtaja. Tofauti ni kwamba fumbo la kanga hulenga mtu mmoja, na fumbo la Mkwaju lilisikiwa na taifa.

Na wasikilizaji hawakuwa na sauti moja. Kwamba Mkwaju alikosa ni rahisi kusema. Vigumu vilikuwa vile vilivyofuata. Je, Tunu aondoke na watoto, au avumilie kama mama yake alivyovumilia? Akiondoka, atakula nini? Mchezo ulimwonyesha akitafuta riziki yake mwenyewe, na kwa wengi hilo ndilo lililokuwa la kubishaniwa zaidi kuliko maradhi.

UTAFITI ULISEMA NINI

Mchezo huo ulifuatiliwa na watafiti, miongoni mwao Everett Rogers, Peter Vaughan na Arvind Singhal. Ili wapate kulinganisha, eneo lililosikia kituo cha Dodoma halikurushiwa mchezo tangu 1993 hadi 1995. Watafiti waliona mabadiliko katika maeneo yaliyousikia, kwa upande wa uzazi wa mpango na wa kujikinga na UKIMWI. Aidha, walieleza kuwa njia moja kubwa iliyoyaleta mabadiliko hayo ilikuwa mazungumzo ya watu wenyewe, mke na mume, na rafiki kwa rafiki. Zile zilizoitwa porojo zilikuwa sehemu ya dawa.

Lakini kutoka hapo linazuka swali ambalo ripoti haziwezi kulimaliza. Ikiwa mazungumzo hayo yaliokoa maisha, basi watu wa Dodoma waliyakosa kwa miaka miwili ili wengine wapate kipimo. Wapo watakaosema kuwa bila kipimo isingejulikana kama mchezo unafaa. Hoja hiyo ina nguvu yake. Hata hivyo, mwananchi wa Dodoma hakuulizwa. Iwapo mtu wa kawaida anahesabiwa kuwa na akili ya kutosha kuhukumu mwenendo wa Mkwaju, anayo pia akili ya kutosha kuelezwa kwa nini redio yake imenyamaza.

Nchini Rwanda jambo hili lilipimwa kwa namna nyingine. Huko redio ilikuwa imetumika mwaka 1994 kuwachochea watu wawaue jirani zao. Mwaka 2004 ukaanza mchezo wa Musekeweya, juu ya vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, vinavyohasimiana, na juu ya vijana wawili, Batamuliza na Shema, wanaopendana kuvuka uhasama huo. Makabila hayakutajwa, hilo nalo lilikuwa fumbo. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alichapisha matokeo yake mwaka 2009. Imani za wasikilizaji nafsini mwao hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni fikira zao juu ya yanayostahili kutendwa na watu wa jamii yao, na ujasiri wao wa kutokubaliana hadharani. Vikundi vilipopewa kinasa sauti cha kumiliki kwa pamoja, vile vilivyosikiliza mchezo mwingine, uliohusu afya, vilikuwa vyepesi kumkabidhi kiongozi wa mahali. Waliosikiliza Musekeweya walielekea zaidi kujadiliana na kukitunza kwa ushirika. Katika nchi ambayo utiifu wa kipofu uliwahi kuua, kubishana si jambo dogo.

ONYO KWA WATUNGAJI

Haifai kuficha kuwa mazungumzo ya wasikilizaji yana hatari zake. Mtungaji humwumba mtu mbaya ili achukiwe, na baadhi ya vijana wakampenda kwa ule ubaya wake. Tena, michezo mingi ya namna hii imegharimiwa na mashirika ya nje, na mwenye kulipa mpiga ngoma ana tamaa ya kuchagua wimbo. Wananchi wana haki ya kuuliza ni nani aliyeamua kuwa tatizo la juma hili ni idadi ya watoto na si bei ya pamba.

Dawa ya hatari hizo haipatikani kwa kuongeza mahubiri. Mhusika mwema asiyekosea kamwe, anayezungumza kama bango la zahanati, hazungumzwi na mtu. Na asiyezungumzwa hafundishi. Mtungaji anayewaheshimu wasikilizaji huwaachia swali lisilo na jibu jepesi, kisha husikiliza wanavyolijibu, na hukubali kusahihishwa nao.

Kwa walimu na watumishi wa umma, wajibu ni wa wazi zaidi. Mwalimu wa sekondari anayewataka wanafunzi waandike insha ya "Madhara ya UKIMWI" atapokea maneno aliyowapa yeye mwenyewe. Awaulize wangemshauri nini Tunu siku ile mumewe aliporudi safarini, na wamtetee Tunu mbele ya wenzao wanaompinga. Hapo atajua wanafikiri nini. Bwana shamba, bibi maendeleo na mganga wa zahanati nao, kabla ya kuitisha mkutano wa kutoa maelekezo, waketi kwanza mahali ambapo watu wanazungumza, wakae kimya, na wasikilize ni nani anayelaumiwa, ni nani anayehurumiwa, na kwa sababu gani. Watakayoyasikia hayamo katika taarifa za robo mwaka.

Na mkubwa wa ofisi anayemkuta karani na tarishi wakibishana juu ya mchezo wa jana, awahimize warudi kazini, kwa kuwa kazi ni kazi. Lakini kabla ya kukunja uso, awaulize kwanza Tunu ameamua nini.