Mlipigania Muguka, Nani Alipigania Meno?

Mjomba wangu ana miaka 41 na meno yake ya juu ya mbele yamebaki urefu wa punje ya hindi iliyokatwa katikati. Hayajaoza. Hayana tundu, hayanuki. Yameisha tu, kama kipande cha sabuni. Akicheka unaona ufizi, halafu kamstari ka njano, basi. Mwezi jana maji baridi yalianza kumpiga mpaka kwenye jicho, akaenda kliniki moja, akafungua mdomo, akaambiwa, "Haya sita tutoe yote, tukuwekee ya bandia." Dakika tano hazikuisha. Hakuulizwa anafanya kazi gani, anakula nini, analala vipi.

Mjomba ni dereva wa lori, njia ya Voi kwenda Taveta mpaka Holili, na saa zingine Mombasa. Mnaojua barabara hiyo mnajua usiku wake. Mfuko wa muguka kwenye dashibodi, soda baridi kando, chingamu ya kuua uchungu wa jani, na karibu na saa tisa za usiku anaongeza kile kinywaji cha kutia nguvu cha mkebe. Miaka kumi na mitano hivyo.

Najua mnachotaka kusema. "Si ndio tulisema muguka upigwe marufuku!" Hebu tulieni kidogo, maana hapo ndipo hasira yangu inaanzia.

Mei 2024 mnaikumbuka. Mombasa chini ya Gavana Abdulswamad Nassir ilipiga muguka marufuku, Kilifi ikafuata, na hapa kwetu Gavana Mwadime naye akaingia. Rais akakutana na viongozi wa Embu, akasema marufuku hayo hayana nguvu kwa sababu muguka unatambuliwa na Sheria ya Mazao ya 2013. Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri za Mombasa na Kilifi. Kelele wiki nzima. Upande huu, "mnaua watoto wetu." Upande ule, "mnaua wakulima wetu." Kila kiongozi alipata kipaza sauti. Mimi mwenyewe nilitoa video tatu na zikaenda vizuri sana, asanteni.

Katika kelele zote hizo, mimi sikumsikia hata mmoja akisema neno meno. Tuliongea juu ya akili, uvivu, ndoa, nguvu za kiume, ushuru. Mdomo ndio mlango ambao kitu chenyewe kinapitia, na hakuna aliyechungulia ndani.

Kwa hivyo tuchungulie sasa. Jani la muguka lenyewe ni laini, si jiwe. Halikati jino peke yake. Shida ya kwanza ni saa. Chakula cha kawaida unatafuna pengine nusu saa kwa mlo, lakini mtu anayechana anafanya taya kazi saa nne, tano, sita mfululizo, na mara nyingi upande uleule. Shida ya pili ni kathinoni, ile dawa ndani ya jani inayoleta stimu. Ni kichangamshi cha ukoo mmoja na amfetamini. Inakaza taya. Mwangalie mtu akiwa juu: jani limeshaisha shavuni lakini taya bado linatembea, jino juu ya jino. Halafu analala, na usingizini anaendelea kusaga. Mke wa mjomba anasema usiku ni kama mtu anaponda kokoto chumbani. Miaka yote hiyo walidhani ni minyoo.

Shida ya tatu ni mdomo kukauka. Mate ndiyo ulinzi wa jino, yanaosha asidi na kurudisha madini. Sasa mdomo umekauka, na wewe unaulowesha kwa nini? Soda. Enameli, lile ganda gumu la nje la jino, huanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya 5.5 hivi. Soda nyeusi iko karibu 2.5. Vile vya mkebe navyo ni asidi. Na si kwamba unapiga chupa moja unamaliza. Unaonja kidogo kidogo usiku kucha, kwa hivyo jino halipati hata nusu saa ya kupumua. Linalainishwa na asidi, kisha linasagwa na jino mwenzake. Ganda hilo likiisha halioti tena. Ngozi hupona, mfupa huunga, enameli hapana.

Ndiyo maana marufuku peke yake yalikuwa mchezo wa kuigiza. Ungeondoa muguka wote Voi leo, mjomba angebaki na soda, na mkebe, na taya lililozoea kusaga. Na wale ambao hawajawahi kuonja muguka lakini meno yao yanalika je? Kuna mama anayetapika asubuhi miezi mitatu ya mimba kisha anakimbilia mswaki papo hapo huku jino bado ni laini. Kuna mwenye kiungulia cha miaka, asidi ya tumbo inapanda usiku na kula meno kwa upande wa ndani ambao hata kioo hakionyeshi. Kuna vijana wetu wanaochimba vito kule Kamtonga na Kasigau, ambao hata siwasikii wakitajwa popote. Vumbi la mgodini lina kwazi, na kwazi ni ugumu wa 7 katika kile kipimo cha mawe cha Mohs. Enameli ni kama 5. Mtu anapumua mdomo wazi shimoni siku nzima, mchanga uko katikati ya meno, anakaza taya akiinua nyundo. Msasa huo! Tunawauliza tu kama wamepata jiwe la kijani.

Kuna pia "ni maji." Kila nikigusa meno, mtu lazima aandike "ni maji ya chumvi ya visima vyetu." Chumvi ya maji haisagi jino. Madini yanayoharibu jino kupitia maji ni floraidi ikizidi, na inafanya hivyo utotoni, jino likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi. Ndiyo inaleta yale meno ya kahawia mnayoyaona kwa watu waliokulia sehemu za Nakuru, au ng'ambo ya mpaka wetu kule Arusha chini ya Mlima Meru. Shirika la Afya Duniani linasema maji yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Ikizidi sana, enameli inatoka na vishimo na inamomonyoka haraka, hiyo ni kweli. Lakini mjomba amekulia Wundanyi na meno yalitoka meupe. Tusitupie maji kila kitu ili tusiulizwe mengine.

Na hayo meno ya kahawia ndiyo yananileta kwangu mimi.

Mwaka jana nilitoa video ya kung'arisha meno: ndimu, magadi, unga wa mkaa, sugua dakika tano kila asubuhi. Niliona mwingine amefanya, nikafanya. Ndiyo video yangu iliyotazamwa kuliko zote, na sikujua hata kitu kimoja nilichokuwa nikisema. Maji ya ndimu ni pH ya 2 na kitu. Ule povu mliouona ukifurika na mkasema "inafanya kazi" ni asidi na magadi vinauana tu. Mkaa nao ni msasa. Wiki ya kwanza unaona weupe kweli, kwa sababu umekwangua uchafu wa juu. Ukiendelea unakwangua jino lenyewe, na chini ya enameli kuna dentini, na dentini ni ya njano. Kwa hivyo unasugua zaidi. Dada mmoja mwenye meno ya kahawia ya utotoni aliniandikia kwamba amesugua miezi minne na sasa hawezi kunywa maji ya friji. Rangi ile iko ndani ya enameli yenyewe, haitoki kwa kusugua mpaka enameli iondoke nayo. Nilimfundisha hayo mimi, nikiwa na taa ya duara na muziki nyuma.

Mtasema "wewe uliacha chuo, sasa umekuwa daktari?" Hilo mngeniuliza siku ya ndimu, sio leo.

Turudi kwa mjomba, maana hakukubali kung'olewa. Tulimpeleka kwa daktari mwingine wa meno, na huyu alikaa naye karibu saa nzima. Akamuuliza kazi. Akamshika taya akamwambia akaze, aachie. Akatazama mikato ya magego akasema hii bapa ni ya kusagana, haya mabonde madogo ni ya asidi. Mjomba akaelewa upesi kuliko mimi. Akasema, "Kama tairi." Ndiyo. Tairi likilika upande mmoja, fundi mwenye akili hakimbilii kukuuzia tairi jipya. Anatazama alaimenti kwanza, la sivyo hilo jipya nalo litaisha.

Kwa hivyo matibabu yanaanza na sababu. Soda iende na chakula au iachwe, maji yawe kando ya usukani. Baada ya kitu chenye asidi, suuza kwa maji na ungoje nusu saa au zaidi kabla ya mswaki. Mswaki laini, dawa yenye floraidi. Kifaa cha plastiki ngumu cha kuvaa usiku, kinachopimwa kwa mdomo wako, ili meno yasage plastiki badala ya kusagana. Halafu ndipo meno yajengwe: resini ya rangi ya jino inabandikwa juu ya kilichobaki, mara nyingi bila kuchonga sana. Yaliyolika zaidi yanavikwa kofia. Jino ambalo mshipa wake umefikiwa linatibiwa mzizi. Kung'oa kunakuja mwisho kabisa, kwa lile ambalo haliwezi kushika kitu. Katika yale sita ya mjomba, daktari alisema yote sita yanajengeka.

Elfu sita kila jino. Kifaa cha usiku mbali. Kung'oa pale kliniki ya kwanza ilikuwa elfu moja.

Hapo ndipo utajua kwa nini Voi imejaa watu wa miaka arobaini wanaocheka wakiziba mdomo kwa kiganja. Wanajua kung'oa si dawa. Hesabu ndiyo inawang'oa meno.

Sasa nirudi kwenu waheshimiwa, mlioipigania muguka na mlioipinga. Kaunti za Pwani zinatoza ushuru magari yanayoleta mzigo huo. Afya ni kazi ya kaunti tangu 2013. Kama mmeshindwa kuufunga na mnaendelea kuutoza, basi sehemu ya pesa hiyo irudi mdomoni ilikopitia: resini na vifaa vya usiku kwenye hospitali za umma, kwa bei ambayo dereva na mchimba vito anaweza. Sio mabango ya "Kataa Muguka" yenye picha ya gavana. Kikao cha umma cha bajeti kikiitishwa hapa Voi, mimi nitakuja na mjomba, na nitamwomba afungue mdomo mbele yenu. Aliye na hali kama yake aje tuketi safu moja.

Mpaka leo amejengewa mawili. Mengine manne yanangoja safari za mwisho wa mwezi. Muguka hajaacha, sitawadanganya. Amepunguza, na soda imetoka kwenye dashibodi.

Ile video nimeifuta. Nakala zake naona bado zinazunguka huko WhatsApp, na jina langu liko kwenye kona. Ukiipata usiitume mbele, na kama ulikuwa unafuata yale maelekezo, acha leo.