Muuza Uji na Vipindi 2,000

Kuna wenzetu wakisikia neno sinetron hucheka. Eti michezo ya vilio na mama mkwe! Halafu wanakata shauri: televisheni ndiyo iliyoua filamu za Indonesia. Bwana, hiyo ni nusu ya kweli, na nusu hiyo inawafaa sana wavivu wa kuandika.

Chukua Doel. Alizaliwa katika riwaya ya Aman Datuk Madjoindo, mwaka 1932. Mwaka 1973 Sjuman Djaya akamtia kwenye filamu, na mtoto aliyemwigiza aliitwa Rano Karno. Mwaka 1994 Rano yule yule, sasa mtu mzima, akamrudisha Doel kwenye televisheni, kituo cha RCTI: kijana wa Kibetawi, kwao wanaishi kwa kijibasi kikuukuu, kasomea uinjinia na kazi hapati. Upuuzi uko wapi hapo? Kijana gani wa mjini asiyeijua hadithi hiyo?

Balaa ilikuja na haraka. TVRI ya serikali ilitamba peke yake tangu 1962. RCTI ilipoanza mwaka 1989, vituo vya binafsi vikafuatana, kila kimoja na njaa yake ya matangazo. Mchezo wa kila wiki ukawa wa kila siku. Unaandikwa usiku, unapigwa picha asubuhi, unarushwa jioni. Tukang Bubur Naik Haji, yaani muuza uji aendaye Hija, ulianza 2012. Ulipokoma 2017 ulikuwa umepita vipindi 2,000. Jamani, mhusika gani ana roho ya kutosha vipindi 2,000? Ndipo zinapoletwa ajali, pacha aliyepotea, na mtu kusahau jina lake. Mtazamaji kakosa nini?

Filamu nayo, iliyodorora miaka ya 90, haikufufuliwa na walalamikaji. Mwaka 1998 waongozaji wanne vijana walitoa Kuldesak bila kungoja baraka za wakubwa. Mwaka 2002 ikaja Ada Apa dengan Cinta? Mapenzi ya wanafunzi, ndiyo, lakini yanazunguka mashindano ya ushairi shuleni na kitabu cha Sjuman Djaya, ndiye yule yule, kuhusu mshairi Chairil Anwar. Kumbi zikafurika. Waliofurika ni hao hao waliokuwa wakililia sinetron jana yake.

Anayesema hawajui kizuri alete mswada wake tuusome.