Ukienda Mombasa, chagua mtaa kabla ya chumba

Tangu Congo iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, naona sokoni kwetu Bunia watu wanaopanga safari ya Mombasa wanazidi kuongezeka. Mmoja anafuata kontena lake, mwingine anafuata gari lililoshushwa bandarini, mwingine anataka leso na vitambaa, na wapo wanaotaka tu watoto wao waione bahari. Njia yenyewe ni ndefu. Unapita Mahagi na mpaka wa Goli, unavuka Nili kwenye daraja la Pakwach, unafika Kampala, unapita Malaba, unafika Nairobi, na hapo bado una karibu kilomita 480 mbele yako. Mtu aliyepita yote hayo anastahili kufika mahali pazuri pa kulala.

Lakini nikiwauliza wasafiri wetu watalala wapi, karibu wote hunijibu kwa bei. Watanitajia chumba cha shilingi kadhaa, picha waliyotumiwa kwenye simu, au jina la kijana atakayewapokea. Mtaa hawautaji. Mimi nauza vitenge na leso hapa Bunia, na Mombasa nimeizoea kwa sababu ya kazi hiyo. Msimamo wangu ni huu: atakayechagua chumba kabla ya kuchagua mtaa atalipa mara mbili, kwanza kwa fedha, kisha kwa muda wake.

Sababu iko kwenye ardhi yenyewe. Mombasa mjini ni kisiwa. Upande wa magharibi kinaungana na bara kwa barabara za Makupa na Kipevu, na huko ndiko yanakopita malori ya bandari. Upande wa kaskazini kuna daraja la Nyali. Upande wa kusini kuna kivuko cha Likoni, ambacho anayetembea kwa miguu hupanda bila malipo, ila asubuhi na jioni umati wake huwa mkubwa sana. Kwa hiyo unapochukua chumba nje ya kisiwa, unachagua pia utapita mlango gani kila siku, na saa ngapi. Asubuhi magari ya Nyali yanaelekea kisiwani, jioni yanarudi. Ukilala upande mmoja na kazi yako ikawa upande mwingine, foleni hiyo itakuwa sehemu ya siku yako mpaka utakapoondoka.

Nilipigiwa simu na dada mmoja wa hapa kwetu, mfanyabiashara kijana mwenye bidii. Alikuwa ameshafika Nairobi.

"Yaya, nimepata chumba. Kiko karibu na bahari, na bei yake ni nusu ya vile vya mjini."

"Kiko wapi, mdogo wangu?"

"Mtwapa."

"Na karatasi za mzigo wako ziko wapi?"

"Kwa wakala, mjini, karibu na Moi Avenue."

"Sasa Mtwapa unafuata nini?"

"Lakini yaya, si yote ni Mombasa?"

Hapana, si yote ni Mombasa. Mtwapa iko ng'ambo ya kijito chake, katika kaunti ya Kilifi. Ukitoka huko kwenda mjini asubuhi, unapita Shanzu, Bamburi na Nyali kabla ya kulifikia daraja. Wakala wa forodha akikuambia uje saa mbili, unaamka gizani. Akikuambia karatasi imekosa muhuri, urudi saa kumi, huwezi kurudi chumbani kupumzika, utazunguka mjini na begi mkononi mpaka saa hizo. Na kontena halikusubiri bure: siku za bure zikiisha, gharama ya kulihifadhi inahesabiwa siku kwa siku. Hesabu hiyo ikianza, nafuu ya chumba cha Mtwapa inayeyuka mara moja.

Kwa hiyo mwenye shughuli ya bandari alale kisiwani, kwenye mitaa inayomwezesha kutembea hadi Moi Avenue na kumfikia wakala wake kwa tuktuk ya dakika chache. Ofisi nyingi atakazozihitaji ziko upande huo, na hata OGEFREM, ofisi ya serikali yetu ya Congo inayosimamia mizigo, ina wawakilishi Mombasa. Mwenye kununua leso naye alale kisiwani, karibu na Biashara Street. Mtaa huo una maduka ya nguo ya miaka mingi. Lile la Kaderdina Hajee Essak, wenye leso za Mali ya Abdulla, lilianza mwaka 1887. Uzuri wa kulala karibu na maduka hayo ni kwamba unanunua kwa utulivu. Unapita asubuhi kuangalia michoro mipya, unarudi chumbani, unafikiri, unapiga simu Bunia kuuliza wateja wanataka rangi gani, na jioni unarudi kupatana bei. Mtu anayewahi matatu ya mwisho hapatani bei, anachukua alichopewa.

Ila mwenye mitumba asinifuate kisiwani. Soko kubwa la Kongowea liko ng'ambo ya daraja la Nyali, upande wa bara, na biashara yake inaamka mapema sana. Mwenye kazi huko alale huko huko, awe sokoni kabla jua halijapanda, kisha arudi kulala wakati wa joto. Kanuni haibadiliki, kinachobadilika ni kazi. Hata Ugiriki ni hivyo hivyo: msafiri anayewahi meli ya visiwani alfajiri hulala Piraeus karibu na gati, na aliyekuja kuona Akropoli hulala Athens katikati, ingawa kati ya sehemu hizo mbili kuna kilomita kama kumi tu.

Sisi wa Bunia hili tunalijua kwetu, ndiyo maana nashangaa tunapolisahau tukivuka mpaka. Mgeni akituuliza alale wapi hapa, hatuanzi na bei. Tunamuuliza kwanza kazi yake. Kama ana shughuli na ofisi za mkoa au mashirika, tunamwelekeza katikati ya mji, karibu na Boulevard de la Libération. Kama ana ndege ya asubuhi, tunamwambia asilale mbali na uwanja. Na sote, tangu hali ya dharura ilipotangazwa katika mkoa wetu wa Ituri mwezi wa tano mwaka 2021, na hata kabla ya hapo, tunamuuliza mgeni jambo moja zaidi: jioni utarudi kwa njia gani? Swali hilo tulilofundishwa na shida ni swali zuri kwa mji wowote duniani. Tulichukue tunaposafiri.

Ukishachagua mtaa, hapo ndipo uanze kutazama chumba, na mambo ya kutazama Mombasa si yale ya Bunia. Sisi tunaishi juu ya mita 1,200, tunalala na blanketi. Kule blanketi halina kazi. Joto la pwani, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, linamchosha mtu wa milimani kiasi cha kushindwa kula. Chumba chenye dirisha moja dogo linalotazama ukuta wa jirani ni adhabu, hata kiwe na godoro jipya. Tafuta chumba cha ghorofa ya juu, chenye madirisha ya pande mbili, upepo upite. Washa feni mwenyewe kabla hujalipa. Kunjua chandarua ukitazame kama kina tundu.

Kisha nenda bafuni ufungue bomba. Hili nalisisitiza kuliko mengine. Mombasa ina shida ya maji ya miaka mingi. Sehemu ya maji yake matamu husafiri kwa bomba zaidi ya kilomita 200 kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, na hayatoshi. Ndiyo maana mitaani utawaona vijana wakisukuma mikokoteni iliyojaa madumu, wakiuza maji nyumba kwa nyumba. Nyumba nyingi za wageni hutegemea visima, na maji ya visima vingi yana chumvi. Chukua kipande chako cha sabuni, kisugue mikononi chini ya bomba. Povu likikataa kutoka, maji ni ya chumvi: nguo zako zitakauka zikiwa ngumu, nywele zitashikana, na chai utainunua nje. Muulize mwenye nyumba waziwazi kama ana tangi la maji matamu, na kama katika bei yake kuna dumu la maji ya kunywa. Mwenye nyumba mwema hatakasirika. Ataheshimu mteja anayejua anachotaka.

Sasa niseme kuhusu wapokeaji. Mgeni ni kuku mweupe, na Kiswahili chetu cha Ituri kinatutambulisha mara tu tunaposhuka kwenye basi Mwembe Tayari. Atakuja mtu mkunjufu, atasema ana ndugu Bukavu au Goma, atabeba mzigo wako na kukupeleka kwenye gesti ambako analipwa kwa kila kichwa anacholeta. Mimi nimewahi kupelekwa hivyo kwenye nyumba ambayo usiku mlango wa barabarani ulifungwa kwa kufuli na ufunguo akaenda nao mlinzi. Moto ungetokea, tungetokea wapi? Niliondoka asubuhi na nusu ya malipo yangu haikurudi. Tangu hapo nalipa usiku mmoja tu, natazama jua likichomoza, ndipo naongeza siku. Yeyote anayetaka wiki nzima kwa simu kabla hujaona mlango wake, mwache.

Na kama unakuja kwa treni ya Madaraka Express kutoka Nairobi, kumbuka kwamba haiingii kisiwani. Inaishia Miritini, upande wa bara, na ipo inayofika usiku. Panga usafiri wako wa kutoka kituoni mapema, hasa mama anayesafiri na watoto.

Najua nitajibiwa nini. Wapo watakaosema: mtu amehangaika mwaka mzima Bunia, katika mkoa wenye vita na mashaka, siku moja anafika pwani, halafu unamwambia alale kwenye kelele za kisiwani asione bahari? Hoja hiyo naiheshimu. Watu wetu wanahitaji kupumzika kuliko watu wengi. Lakini Kenya ufuo si mali ya hoteli. Unaweza kulala chumba cha kawaida kisiwani na kushinda Jumapili nzima na watoto kwenye ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, bila kulipia kiingilio. Na kisiwani penyewe kuna Mama Ngina Waterfront, bustani iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, chini ya mibuyu mikubwa. Jioni familia hukaa pale na mihogo ya kukaanga na madafu, na meli za makontena zinapita kwenye mlango wa bandari karibu kiasi kwamba unaona mabaharia wakitembea juu ya sitaha. Mtoto wa Bunia akiona meli ile, ataelewa sabuni na mchele wa dukani kwetu vinaanzia wapi.

Aliyekuja kwa mapumziko peke yake, asiye na ofisi wala soko, huyo alale Bamburi, Shanzu au Diani bila wasiwasi, kwa sababu bahari ndiyo kazi yake. Siku hizi kwenda Diani kutoka Miritini kuna barabara ya Dongo Kundu, hahitaji kupanda feri. Na mwenye kazi pamoja na mapumziko agawanye usiku wake: amalize kwanza karatasi na manunuzi akiwa kisiwani, kisha ahamie ufukweni kwa siku za mwisho, akili ikiwa imetulia. Kinyume chake ni vigumu, kwani mapumziko yenye simu ya wakala kila saa hayampumzishi mtu.

Kwa wafanyabiashara wakubwa wa Bunia nina ombi. Ninyi mnaijua Mombasa mtaa kwa mtaa, lakini maarifa hayo yamebaki vichwani mwenu. Wasichana na vijana wanaoanza safari za kwanza wanaachwa mikononi mwa wapokeaji wa stendi. Waiteni kabla hawajaondoka. Waelezeni nyumba zipi ni salama, zipi zina maji, zipi mlango wake unafunguka usiku. Vyama vyetu vya wafanyabiashara vinaweza kuandika ukurasa mmoja wa maelezo hayo na kumpa kila anayekwenda. Haihitaji bajeti wala semina.

Na wewe unayefunga mzigo wiki hii, kabla hujatuma hata shilingi moja ya chumba, jibu maswali matatu: kazi yangu iko upande gani wa maji, jioni nitarudi kwa njia gani, na bomba la nyumba hiyo linatoa maji gani. Ukiyakosa majibu, usilipe.