Maongezi na Wazazi: Mashine Elfu Mbili Zilizododa



Juma lililopita, baada ya Misa, baba mmoja alinivuta kando. Mwanawe anayesoma mjini amemwomba fedha za kununua mchezo mpya wa mpira, ule unaochezwa kwa mashine katika televisheni. “Lakini mwaka jana nilimpa fedha za mchezo huo huo,” akasema. “Je, ule wa kwanza umeoza?” Nikacheka, kisha nikaona swali lake si la kuchekwa. Basi namjibu hapa, nanyi wengine sikilizeni.

Mchezo huo hutolewa na kampuni moja ya Marekani, nao ulianza mwaka 1993. Kila mwaka hubadilishwa majina ya wachezaji, jezi, na nambari iliyo juu ya kasha. Mengine, kwa sehemu kubwa, ni yale yale. Uko na mwingine wa vita, Call of Duty, ulioanza mwaka 2003, na tangu 2005 haujapita mwaka bila kutolewa mwendelezo wake. Msidhani watengenezaji ni wavivu. Mchezo mkubwa siku hizi hutaka mamia ya watu, miaka kadhaa na mamilioni ya dola. Mwenye fedha huogopa, naye hurudi kwenye shamba lile lile lililomlisha mwaka jana. Nani kati yetu hafanyi hivyo?

Lakini hebu sikieni habari ya Nintendo, kampuni ya mji wa Kyoto, Japani, iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata. Mwaka 1978 kampuni nyingine ya Kijapani ilitoa mchezo wa kupiga risasi viumbe washukao toka angani, na watu wakaupenda mno. Nintendo nao wakasema, na sisi tufanye wa namna hiyo. Wakautengeneza, wakauita Radar Scope. Tawi lao la Marekani likaagiza mashine 3,000, kila moja kubwa kama kabati la nguo. Zilipokwisha kuvuka bahari, watu walikuwa wamechoka na michezo ya namna ile. Ziliuzwa 1,000 tu. Zile 2,000 zikadoda ghalani, na tawi lenyewe, changa bado, likawa karibu kufa.

Basi mkuu wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, akamwita kijana mchoraji, Shigeru Miyamoto, ambaye hakuwa ametunga mchezo wake hata mmoja. Akaambiwa atunge kitu kipya cha kutiwa ndani ya mashine zile zile, chini ya uangalizi wa fundi mzoefu, Gunpei Yokoi. Kijana hakurudi angani. Alitunga hadithi: sokwe mkubwa amemwiba mwanamke akapanda naye juu ya jengo, na seremala mfupi mwenye masharubu anapanda ngazi kwenda kumwokoa, huku mapipa yakimporomokea. Seremala, ndiyo, kazi ya Mtakatifu Yosefu! (Huko Kyoto hawakufikiri hayo, bila shaka, lakini mimi yamenifurahisha.) Baadhi ya wauzaji wa Marekani walipouona mara ya kwanza hawakuupenda hata kidogo. Mwaka 1981 ukatolewa kwa jina la Donkey Kong, zile mashine zilizododa zikauzwa, na nyingine maelfu kwa maelfu zikatakiwa. Seremala yule ndiye Mario, ambaye watoto wenu wa mjini wanamjua vizuri kuliko wanavyowajua babu zao.

Tena kitu kipya hakitoki hewani. Miyamoto alikulia Sonobe, mahali pa shamba karibu na Kyoto, akizoea kuzurura vilimani. Siku moja aliona pango, na baadaye akaingia humo na taa. Mchezo wake wa mwaka 1986, The Legend of Zelda, ulitokana na matembezi hayo.

Lakini nisiwadanganye: kipya hakilipi daima. Mwaka 2023 mafundi wa Tango Gameworks, mjini Tokyo, walitoa Hi-Fi Rush, mchezo ambao ndani yake kila pigo hufuata mdundo wa muziki. Ulisifiwa sana. Mwezi Mei 2024 wenye mali, Microsoft, wakatangaza kuifunga karakana hiyo. Ndio hao hao ambao Oktoba 2023 walikamilisha kuinunua kampuni yenye Call of Duty kwa dola bilioni 69 hivi. Agosti 2024 kampuni ya Korea Kusini, Krafton, ikawachukua mafundi hao pamoja na mchezo wao, lakini kwa miezi mitatu watu wale walikaa wakijua kwamba kazi njema imewapotezea ugali. Katika Injili aliyekemewa ni yule mtumishi aliyeifukia talanta ardhini kwa hofu. Hapa mwenye hofu ndiye bwana, na aliyethubutu ndiye aliyefukuzwa. Hilo linaniuma.

Sasa, baba yangu, jibu lako. Mwanao akija likizo akuonyeshe kwa kinywa chake kilicho kipya katika mchezo huo. Akitaja majina ya wachezaji tu, weka fedha zako mfukoni, zinunue madaftari. Kisha mwulize yeye angetunga mchezo gani.

Mimi nimemwuliza mtoto wa dada yangu, mwenye miaka kumi. Akasema angetunga mchezo wa kuamia ndege katika shamba la mtama, kwa teo, tangu alfajiri. Nikamwuliza, mchezaji anashindaje? Akaniangalia kama mtu asiyejua kitu.

“Mama akileta uji, mjomba.”