Utafiti Uwarudie Wananchi
Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilikataa elimu imtengayo msomi na jamii yake. Hata hivyo, wapo wasomi ambao hawajalizingatia fundisho hilo. Ushahidi uko Mtwara.

Mwaka 1952 homa kali ilizuka katika uwanda wa juu wa Makonde, huko Newala, mahali panapotazamana na bonde la Ruvuma. Wagonjwa walijikunja kwa maumivu ya viungo, na Wamakonde wakaiita homa hiyo chikungunya. Mwaka 1955 Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha habari zake mjini London, kwa Kiingereza. Mwaka 2005 na 2006 homa hiyo iliwatesa watu wengi kisiwani Réunion na huko India. Lakini maandishi mengi ya kitaalamu yamedai kwamba jina hilo ni la Kiswahili! Bibi yeyote wa Newala angalisahihisha kosa hilo, lau angaliulizwa.

Kosa la jina ni dogo. La maarifa ni kubwa. Mbu aenezaye homa hiyo huzaliana hata katika maji yanayowekwa majumbani. Basi anayepaswa kujua kwanza ni mama mwenye mtungi, si profesa. Kuyafungia maarifa hayo katika lugha asiyoisoma mama huyo ni kasumba ya kikoloni.

Daktari na mtaalamu wa lugha hawana budi kushirikiana. Utafiti uliochumwa Mtwara urudi Mtwara kwa Kiswahili, shuleni na katika zahanati. Mwalimu na mtumishi wa umma waudai. Ni haki ya wananchi, si fadhila.